Kufufua maneti ya zamani kwa konsoli za leo: mwongozo kwa wachezaji na mafundi wa Lubumbashi

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Katuba kama Kampemba, kuna maneti, yaani kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu, ya PlayStation 2 iliyolala ndani ya katoni. Konsoli yenyewe ilikufa zamani, lenzi ikakataa kusoma diski, au iliuzwa ili kulipa kitu kingine, maneti ikabaki. Na kijana wa nyumba hiyohiyo anatafuta dola za kununua maneti mpya ya kuchezea kwenye kompyuta, kwenye simu au kwenye Nintendo Switch ya binamu yake. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000 na ziliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, kwa hiyo maneti zake hazitakwisha kesho. Vidole vyetu vilijifunza mpira wa kwenye skrini juu ya maneti hizo. Nyingi bado ni nzima, au zina ugonjwa mdogo unaotibika kwa pamba na alkoholi.

Kinachozikwamisha ni jinsi zinavyozungumza na mashine. Maneti ya PS2 hutuma habari kwa mpangilio wake, ya Super Nintendo kwa mpangilio mwingine, na konsoli za leo hazisikii zote mbili; zinasikia USB au Bluetooth. Kazi yetu basi ni mbili: kuuponya mwili wa maneti, kisha kuiwekea mkalimani. Watu wengi hukimbilia mkalimani kwanza, wakanunua adapta, wakaunganisha maneti chafu, kisha wakasema adapta ni mbovu. Fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Tambua ulichonacho

Geuza maneti usome karatasi iliyobandikwa nyuma. DualShock 2 ya kweli ina alama SCPH-10010. DualShock ya PlayStation ya kwanza, iliyotoka 1997, ina alama SCPH-1200. Kama karatasi imefutika, tumia kiganja: ya kweli ina uzito, kwa sababu ndani ya kila mkono wake kuna mota ya mtetemo, kubwa upande wa kushoto na ndogo upande wa kulia. Nakala nyingi ni nyepesi, mshono wa plastiki unakwaruza, na vitufe vinacheza ovyo hata kabla ya kuvibonyeza.

Nakala usiitupe. Itakupa waya, skrubu, na pengine mpira wa vitufe. Mwenye chumba cha gemu ana maneti kadhaa zilizokufa kwenye kona. Mwombe akuuzie zote kwa pamoja. Maneti tatu mbovu mara nyingi hutoa moja nzima.

Maneti za Nintendo na Sega ni chache zaidi kwetu. Hapa kuna mtego mmoja. Mashine nyingi za bei nafuu zilizoiga Famicom ya Nintendo, zile zenye gemu zilizojaa ndani, zina plagi ya pini 9 inayofanana kabisa na ya Sega Mega Drive. Umbo la plagi si ushahidi. Ukiwa na plagi kama hiyo, usiiunganishe na kitu chochote mpaka umefungua maneti na kufuata kila waya kwa kipimo cha umeme kutoka kwenye bodi hadi kwenye pini.

Hatua ya 2: Jua konsoli yako inakubali nini, kabla ya kutoa pesa

Nimeiweka hatua hii hapa makusudi, kwa sababu ndiyo inayookoa pesa.

Kompyuta ni rafiki mkubwa wa maneti za zamani: karibu adapta yoyote ya USB itasomwa. Simu ya Android pia, ikiwa inakubali waya wa OTG, ule unaochomeka vifaa vya USB kwenye simu. PlayStation 3 inapokea maneti nyingi za USB, ila kitufe cha PS katikati huwa hakipatikani kupitia adapta rahisi. Nintendo Switch inakubali maneti ya waya kupitia adapta inayojua kuongea nayo. Tangu Oktoba 2017 inaipokea hata ile adapta rasmi ya GameCube iliyotengenezwa kwa ajili ya Wii U.

Kwa PlayStation 4 mambo yanabadilika. Konsoli hiyo inaiuliza maneti uthibitisho wa siri, na isipojibiwa inaikata baada ya dakika 8. Mechi inaanza vizuri, mnafika kipindi cha pili, maneti inakufa. PlayStation 5 haikubali kabisa gemu zake zichezwe kwa maneti ya kizazi kilichopita. Hata DualShock 4 inafanya kazi kwenye gemu za PS4 tu. Nayo Xbox One na zile za Series, tangu Novemba 2023, zinazuia vifaa visivyo na idhini ya Microsoft.

Kwa hiyo nasema wazi: kama lengo lako ni PS5 au Xbox, weka pesa yako mfukoni. Zipo adapta zinazodai kuvuka ukuta huo, lakini sasisho moja la konsoli linaweza kuifunga njia, na ukiwa Lubumbashi nani atakurudishia dola zako? Lengo likiwa kompyuta, simu, PS3 au Switch, endelea.

Hatua ya 3: Fungua, osha, pima

Andaa bisibisi ndogo ya nyota, mswaki wa zamani, pamba, alkoholi, na meza yenye mwanga. Maneti ya GameCube inataka bisibisi ya pembe tatu. Nyingine nyingi za zamani zinafunguka kwa nyota ya kawaida. Kabla ya kugusa kitu, piga picha kwa simu. Piga nyingine ukifungua kifuniko, nyingine ukiondoa bodi. Picha hizo ndizo zitakazokurudisha nyumbani ukisahau waya wa mota ulipita wapi.

Fungua taratibu, maneti ikiwa imelala kifudifudi, ili vitufe visimwagike. Kwenye DualShock 2 utakuta mota mbili zimeunganishwa na bodi kwa nyaya nyembamba, usizivute. Chini ya vitufe kuna mpira laini wenye vidoa vyeusi vya kaboni, na chini ya mpira kuna karatasi ya plastiki iliyochorwa njia za umeme. Kila unapobonyeza, kidoa cheusi kinaziunganisha njia mbili. Vidoa hivyo na njia hizo ndivyo roho ya maneti yote.

Utakachokuta mara nyingi kwa hapa kwetu ni vumbi. Vumbi jekundu la kiangazi huingia kwenye kila mwanya, likichanganyika na mafuta ya vidole linakuwa tope linaloganda kuzunguka vitufe. Kitufe kinachonata karibu kila mara ni tope tu. Osha maganda na vitufe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua kwa mswaki, kisha anika kivulini. Jua kali la mchana linaweza kupindisha plastiki na kuigeuza ya njano.

Mpira uoshe kwa maji na sabuni tu, ukauke kabisa. Bodi na ile karatasi ya plastiki zinataka alkoholi kwenye pamba, na mkono mwepesi. Alkoholi ya asilimia 90 au zaidi ndiyo nzuri. Ukipata ile ya asilimia 70 ya famasi itafaa, lakini ina maji, basi ipe muda mrefu zaidi wa kukauka. Karatasi ya plastiki ipanguse mara moja kwa upole, kwa sababu ukisugua kwa nguvu unaweza kuondoa njia zenyewe. Essence (petroli) na thinner visikaribie meza hii: vinayeyusha plastiki.

Sasa pima. Weka ncha mbili za kipimo cha ohm juu ya kidoa kimoja cheusi bila kukitoboa. Linganisha kidoa cha kitufe kinachotumika sana, mfano X, na cha kitufe kisichobonyezwa sana, mfano Select. Kama X inaonyesha maelfu ya ohm na Select iko chini sana, umempata mgonjwa. Dawa bora ni mpira kutoka maneti nyingine ya aina hiyohiyo. Ukikosa, paka kidoa kwa penseli laini ya 6B, tabaka juu ya tabaka. Itafanya kazi kwa muda, kisha utarudia. Wapo wanaobandika karatasi ya sigara ya aluminiamu. Mimi siipendi: inakwaruza njia za chini, na ikibanduka inaweza kuunganisha zisizotakiwa kuungana.

Kama vitufe vingi vimechanganyikiwa kwa pamoja, kimoja kinajibonyeza chenyewe na kingine hakisikii, acha kulaumu mpira. Kwenye matoleo mengi ya maneti za Sony ile karatasi ya plastiki hugusana na bodi kwa kukandamizwa tu, na kinachokandamiza kinachoka. Safisha mguso huo, kisha ongeza kipande chembamba cha sponji au karatasi iliyokunjwa nyuma yake ili ukandamizwe tena. Maneti nyingi zilizohukumiwa kifo zina ugonjwa huu peke yake.

Mwisho wa hatua hii ni waya. Kwenye vyumba vya gemu waya huvutwa, hukanyagwa, huzungushiwa maneti kila usiku, na unakatika ndani, karibu na mahali unapoingilia. Pima kila uzi kutoka kwenye pini hadi kwenye bodi huku ukiukunja waya. Uzi ukipotea, kata sentimita chache zilizochoka na ulehemu upya. Usiamini rangi za nyaya. Kwenye nakala hazifuati utaratibu wowote.

Hatua ya 4: Vijiti vya analogi

Mchezaji anapokimbia peke yake kwenda kushoto bila kuguswa, kijiti kimechoka. Ndani ya vijiti vya DualShock 2 kuna vipimo viwili vinavyosugua njia ya kaboni, kimoja kwa kila mwelekeo. Puliza vumbi, tia tone la dawa ya kusafishia miguso, zungusha kijiti mara nyingi, acha kikauke. Isiposaidia, kijiti kizima hutolewa na kulehemiwa kingine. Ni kazi ya subira, kwa sababu miguu yake ni mingi. Kama hujazoea kuondoa risasi ya kulehemia kwenye bodi, mpelekee fundi wa simu.

Maneti ya Nintendo 64 ya 1996 haina kaboni hapo: ina magurudumu ya plastiki na mwanga, na ugonjwa wake ni plastiki kusagika kuwa unga mweupe. Usafi hautarudisha plastiki iliyosagika, unahitaji kipuri. Sega kwenye Dreamcast ilitumia sumaku, na ndiyo sababu vijiti vya Dreamcast huzeeka vizuri.

Hatua ya 5: Adapta ya kununua

Kwa PS2 hii ndiyo njia fupi. Adapta za PS2 kwenda USB zipo sokoni tangu zamani, nyingine zina matundu mawili ya maneti kwa waya mmoja. Ubora unatofautiana sana hata kati ya mbili zenye boksi moja, kwa hiyo usinunue kwa macho. Nenda dukani na maneti yako iliyoponywa, simu yako, na waya wa OTG, simu ikiwa tayari na programu ya kupima maneti. Mwambie muuzaji, "Yaya, niruhusu niijaribu kwanza," na wengi watakuruhusu.

Jaribu mambo haya. Bonyeza juu na kulia kwa pamoja, halafu pembe nyingine zote. Adapta mbovu hupoteza pembe. Shika L1, R1 na X huku ukielekeza upande mmoja, uone kama vyote vinne vinaonekana kwa wakati mmoja. Bonyeza kitufe cha Analog mpaka taa nyekundu iwake, kisha zungusha kijiti polepole. Kama nukta kwenye skrini inasimama katikati ijapokuwa kidole kimeanza kusogea, au inaruka hadi mwisho ghafla, rudisha adapta hiyo na uombe nyingine.

Ukinunua kwa ajili ya Switch, hakikisha boksi limeandikwa Switch. Adapta ya kompyuta tu haitatambuliwa na Switch hata ukiibembeleza.

Ipo pia njia ya wenye pesa. Nintendo yenyewe ilitoa maneti za NES zisizo na waya kwa Switch mwaka 2018, za Super Nintendo mwaka 2019, na za Nintendo 64 na Mega Drive mwaka 2021. Kampuni ya 8BitDo inauza bodi za Bluetooth za kuweka ndani ya ganda la zamani. Ni vitu vizuri. Lakini kwa mji ambao umeme wa SNEL unaondoka unapotaka, mimi nachagua waya: hauna betri ya kuchaji, hauzeeki ndani ya miaka mitatu, na ukikatika unalehemiwa.

Hatua ya 6: Jenga mkalimani wako mwenyewe

Hapa ndipo kazi inaponoga. Raspberry Pi Pico, bodi ndogo iliyotoka 2021, inauzwa kwa dola chache, na inaweza kuwa adapta nzuri kuliko nyingi za dukani.

Anza na maneti ya Super Nintendo ukiwa nayo, kwa sababu ndiyo rahisi kuielewa. Ndani yake kuna chipu mbili za aina ya 4021. Konsoli inatuma ishara moja ya kusema "shika," na chipu zinashika hali ya vitufe vyote wakati huohuo; kisha kila mdundo wa saa unatoa kitufe kimoja, kuanzia B, Y, Select, Start, na kuendelea hadi R. Plagi ina pini 7 lakini nyaya zinazofanya kazi ni 5: umeme, ardhi, saa, kushika, na data.

Konsoli ya zamani iliipa maneti hiyo volti 5. Wewe ipe volti 3.3 kutoka kwenye Pico. Chipu ya 4021 inafanya kazi hata kwa volti 3, na pini za Pico hazikutengenezwa kupokea 5. Ukikosea hapa unaweza kuiunguza Pico.

Pakua programu huria ya GP2040-CE, inayoigeuza Pico kuwa mkalimani, ukiwa mahali penye intaneti nzuri. Ni faili moja. Shikilia kitufe cha BOOTSEL kwenye Pico, chomeka kwenye kompyuta, na itatokea kama diski inayoitwa RPI-RP2. Buruta faili ndani, itajiwasha upya yenyewe. Mpangilio wa pini unafanyika kwenye kivinjari cha kompyuta hiyohiyo, bila intaneti. Hapo unachagua pia kama itajitambulisha kwa Switch, kwa PS3 au kwa kompyuta.

Kama bodi ya maneti imekufa lakini ganda na mpira ni vizima, unaweza kuruka chipu zake: lehemu uzi mwembamba kutoka upande mmoja wa kila kitufe hadi pini yake kwenye Pico, na upande wa pili wote kwenye ardhi. Pico ina urefu wa milimita 51 na upana wa 21, basi ipime ndani ya ganda kabla ya kukata chochote. Njia hii usiijaribu kwenye DualShock 2, kwa sababu vitufe vyake vinapima pia nguvu ya kubonyeza, na bodi yake haikupangwa hivyo.

Kwa DualShock 2, weka maneti nzima na usome plagi yake. Pini 1 ni data, 2 ni amri, 3 ni umeme wa mota, 4 ardhi, 5 umeme wa volti 3.3, 6 ni ya kuita, 7 saa, na 9 ya kuitikia. Pini 3 iache peke yake; utakosa mtetemo tu. Kwa bodi za Arduino, bodi ndogo za kuprogramu kama Pico, kuna maktaba huria ya PsxNewLib, yaani msimbo ulioandikwa tayari, inayosoma maneti hizi. Chagua bodi yenye chipu ya ATmega32U4, toleo la volti 3.3, kwani chipu hiyo inajua kujifanya kifaa cha USB. Weka ukinzani wa kilo-ohm chache kati ya data na volti 3.3, kwa maana maneti inajua kuvuta uzi huo chini lakini haijui kuupandisha.

Unapolehemu, fungua dirisha, usipashe nukta moja kwa zaidi ya sekunde chache, na nawa mikono kabla ya kula; risasi ni sumu. Usilehemu kamwe maneti ikiwa imechomekwa.

Hatua ya 7: Pima tena, panga, cheza

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, na utaona kila kitufe kikiwaka. Switch ina sehemu yake ya kupima vitufe kwenye mipangilio ya maneti. Pita kitufe kimoja kimoja, hata vile usivyotumia.

Unapopanga, fuata mahali pa kitufe. Kwenye Nintendo A iko kulia na B iko chini. Kwenye PlayStation duara liko kulia na X iko chini. Ukipanga X iwe A, vidole vitachanganyikiwa kila siku. Panga X iwe B, duara liwe A, na mkono utajikuta.

Ukihisi maneti inachelewa, mpira unaenda baada ya wewe kubonyeza, usiifungue tena. Tafuta kwanza kwenye mipangilio ya televisheni hali ya gemu na uiwashe. Televisheni nyingi za kisasa huipamba picha kabla ya kuionyesha, na pambo hilo linakula muda kuliko adapta. Jaribu pia maneti hiyohiyo kwenye skrini ya kompyuta. Ikichelewa na huko, basi adapta ndiyo yenye shida.

Kwa mwenye chumba cha gemu: funga waya wa adapta kwenye mguu wa meza kwa kamba ya plastiki, ili mchezaji anapovuta kwa hasira avute meza badala ya tundu la USB. Na umeme ukikatika, chomoa adapta kabla haujarudi.